Saa Tatu Alizochelewa Muuguzi Veneranda

Jamhuri ya Tangulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Kama yupo anayedhani anaijua, hilo ni lake na familia yake. Mimi nasimulia tu. Ni raia mtiifu, kitambulisho ninacho, na sijawahi kuilaumu serikali hata siku zile ilipokuwa inangoja kulaumiwa.

Mambo yalianza Mheshimiwa Rais alipokwenda kwenye mkutano nchi za nje. Ukutani mwa ule ukumbi kulikuwa na saa nyingi zimetundikwa kwa mstari, na chini ya kila saa jina la mji. Mheshimiwa akasimama akaziangalia, kisha akamuuliza msaidizi wake kwa nini saa ya kwetu inaonyesha saa nne na ya wale jamaa wa mashariki inaonyesha saa saba. Msaidizi alikuwa mgeni kazini, kwa hiyo akasema ukweli.

"Mheshimiwa, sisi tuko nyuma yao saa tatu."

Neno hilo "nyuma" lilimkaa Mheshimiwa kooni. Aliondoka kabla mkutano haujaisha. Yule msaidizi sijui alirudi na ndege gani.

Jumatatu iliyofuata taifa likatangaziwa. "Kuanzia kesho," alisema Rais, "Tangulia haitakuwa nyuma ya mtu. Saa zote zitasogezwa mbele kwa saa tatu. Watoto wetu watakuwa wamemaliza hesabu wakati watoto wa wengine ndio kwanza wanapiga mswaki." Bunge lilisimama likapiga makofi mpaka spika akaomba maji. Sheria ikapita. Ibara ya kwanza ilisema kwamba katika ardhi ya Tangulia ipo saa moja tu, nayo ni Saa ya Taifa. Ibara ya pili ilisema kwamba yeyote atakayesema, kuandika au kudokeza kuwa ipo nyingine atafungwa miaka isiyopungua miwili. Ibara ya tatu ilisema sheria imeanza kutumika jana, ili kuonyesha uharaka.

Jua halikupata nakala. Liliendelea kutoka muda wake wa siku zote, ambao sasa ulikuwa saa tatu asubuhi. Wizara mpya ya Wakati ikatoa taarifa kwamba giza la saa mbili asubuhi ni giza la mpito, na wananchi waliombwa kuwa wavumilivu na wawe na tochi.

*

Katika Wizara ya Afya, ghorofa ya tatu, kulikuwa na mama mmoja aitwaye Sikudhani Ngoda. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta, na yeye ndiye aliyeutunza mfumo unaoweka kumbukumbu za hospitali zote za serikali: nani kalazwa, daktari kaagiza dawa gani, muuguzi kaitoa saa ngapi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye watoto wawili na mama mgonjwa wa sukari. Siku ya tangazo alikaa dakika chache akiangalia skrini, kisha akashuka kwa mkurugenzi wake.

Mkurugenzi wa Mifumo alikuwa Bwana Gervas Tulinje. Kabla ya kuteuliwa alikuwa mwalimu wa michezo, na kengele yake ya uwanjani alikuwa bado anayo mezani.

"Mkurugenzi, tuna tatizo," Sikudhani akasema. "Mfumo wetu unaandika saa peke yake. Hauandiki ni saa ya wapi. Ukiona imeandikwa saa tano, hujui kama ni saa tano ya zamani au ya taifa. Mashine nyingine zikisogezwa na nyingine zikaachwa, tutakuwa na wagonjwa wanaopewa dawa kabla ya kufika hospitali."

"Dawa yake ni nini?"

"Ndani ya mfumo tuweke saa moja ya msingi isiyosogea, hata atawale nani. Kila tukio liandikwe kwa saa hiyo. Mtu akifungua kusoma, mashine ndiyo imgeuzie, imwonyeshe Saa ya Taifa. Siku serikali ikisogeza tena, tunabadilisha mstari mmoja tu. Kumbukumbu hazidhuriki."

"Umesema hata atawale nani?"

"Nimesema vibaya, Mkurugenzi. Hata ikiwa siku gani."

"Na hiyo saa ya msingi inahesabiwa kuanzia wapi?"

Sikudhani akautaja mji. Ulikuwa mji wa mbali, katika nchi iliyowahi kututawala. Bwana Tulinje akainuka, akafunga mlango, akarudi akaongea kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo Rais atangaze Saa ya Taifa huku nje, halafu ndani ya tumbo la mashine tumlaze mkoloni?"

"Ni hesabu tu, Mkurugenzi. Hata marubani wa ndege ya Rais wanaitumia."

"Hilo sijalisikia," akasema Bwana Tulinje, "na wewe hujalisema."

Ikaundwa kamati. Ilikaa siku nne. Siku mbili za kwanza zilikwenda kwenye swali la mjumbe mmoja aliyetaka kujua kama taifa limesogea saa tatu au saa tisa, kwa sababu simu yake ilionyesha kumi na tano wakati yeye, kama alivyofundishwa na mama yake, aliijua ile kuwa saa tisa mchana. Siku ya tatu walipiga picha. Siku ya nne waliazimia kwamba wataalamu watekeleze.

Utekelezaji ulikwenda hivi. Vishikwambi vyote vya wodini, vile ambavyo wauguzi hutumia kuandika dawa walizotoa, vilisogezwa mbele saa tatu usiku huohuo. Kompyuta za madaktari hazikusogezwa. Sheria ya manunuzi ilitaka zisogezwe na kampuni, kampuni ilitaka mkataba, mkataba ulitaka saini ya Waziri wa Wakati, na Waziri alikuwa ng'ambo kwa miezi miwili akijifunza mambo ya wakati. Sikudhani aliandika dokezo la kurasa tatu kueleza hatari. Lilirudi na muhuri mwekundu: IMEONEKANA.

Kisha Bwana Tulinje akamletea cheti. Kilisema: *Nathibitisha kwamba mashine zote za hospitali za Tangulia zinasoma saa moja.* Chini kulikuwa na nafasi ya jina lake.

"Lakini si kweli," Sikudhani akasema.

"Zitasogezwa wiki ijayo. Cheti kimetangulia tu kusema kitakachokuwa kweli. Jina la nchi yetu unalijua."

"Na zisiposogezwa?"

Bwana Tulinje akaigusa kengele yake kwa kidole, taratibu, isilie. "Mama yako dawa zake za sukari anachukua wapi, Bi. Sikudhani?"

"Kliniki ya wizara."

"Saini, dada yangu."

Akasaini. Nasema hivyo bila kumlaumu, maana na mimi nina mama.

*

Mwezi mmoja baadaye nchi iliadhimisha mwezi mmoja wa Saa ya Taifa. Uwanjani kulikuwa na gwaride, ngoma za wanafunzi na hema la wageni rasmi. Kwa kuwa baadhi ya wageni walikuwa watu wazima na jua lilikuwa kali, Hospitali ya Wilaya iliagizwa kupeleka mitungi yake ya oksijeni kwenye hema, ikitokea mheshimiwa akaishiwa pumzi wakati wa hotuba. Mitungi ilikuwa sita. Ikaenda yote sita, ikafungwa utepe wa rangi za bendera.

Siku hiyohiyo, kama saa tano asubuhi kwa saa ya zamani ambayo haipo, Mzee Simbeye aliletwa hospitalini akiwa ameshikwa na pumu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ametangaza mpira redioni, na wako watu wazima wanaokumbuka goli fulani kwa sauti yake kuliko kwa mfungaji. Alikuja ameshikiliwa na mkewe, Bi. Melania. Sauti ile haikuwepo. Kilichobaki ni mluzi kifuani.

Daktari wa zamu akamwona, akafungua kompyuta yake, akaandika: sindano, na oksijeni. Mashine ikaweka saa: tano na dakika kumi.

Muuguzi wa wodi alikuwa Veneranda Kituli, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, mwanamke mpana, mwepesi wa miguu. Alikimbia stoo, akarudi na sindano, akamchoma mzee, akaandika kwenye kishikwambi. Ilikuwa tano na dakika kumi na nane. Kishikwambi, kwa kuwa kilikuwa raia mwema, kikaandika nane na dakika kumi na nane.

"Oksijeni iko wapi, Sista?" Bi. Melania akauliza.

"Inakuja, mama," Veneranda akasema. Ulikuwa ndio uongo pekee aliousema siku hiyo. Alikimbia tena stoo, akakimbia chumba cha upasuaji, akakimbia hadi lango la hospitali kana kwamba mitungi ingemwona iamue kurudi. Aliporudi wodini alimpepea mzee kwa faili.

Tano na dakika arobaini daktari akaandika kwamba Mzee Simbeye amefariki. Saa saba mchana, kwa saa ya mkononi ya mlinzi wa mochwari, ambaye hakuwa na habari na sheria yoyote, mwili ukapokelewa na kuandikwa kwa kalamu kwenye daftari.

Uwanjani hakuna aliyeishiwa pumzi.

*

Mzee Simbeye hakuwa mtu wa kufa kimyakimya. Magazeti yaliuliza. Redio ilipiga matangazo yake ya zamani kutwa nzima. Serikali ikaunda tume, na tume ilipofika hospitali ikaanza na oksijeni. Ilikaa na oksijeni robo saa hivi, mpaka simu ya mwenyekiti ilipolia. Baada ya hapo tume iliomba kumbukumbu za kompyuta.

Mnaona wenyewe ilichokikuta. Daktari aliagiza sindano saa tano na dakika kumi. Mgonjwa alikufa tano na dakika arobaini. Muuguzi alichoma sindano saa nane na dakika kumi na nane. Mwenyekiti wa tume aliisoma karatasi hiyo, nasikia, kwa furaha ya mtu aliyeokota pochi.

Veneranda alikamatwa akiwa na sare zake. Mashtaka yalikuwa mawili: kwanza, kuchelewesha dawa kwa saa tatu na dakika nane hadi mgonjwa akafa, pili, kumchoma marehemu sindano ili kuficha kosa la kwanza. Mtu mmoja kwenye tume aliuliza imekuwaje, maana saa nane maiti ilikuwa tayari mochwari. Wakatafakari. Likaongezwa shtaka la tatu, kuingia mochwari bila kibali.

Gazeti la asubuhi liliandika kwa herufi kubwa: MUUGUZI ACHOMA MAITI SINDANO.

Sikudhani alilisoma akiwa kazini, chai mkononi. Aliangalia zile saa. Akatoa kwa kichwa, akapata saa tatu na dakika nane, akaiweka chai mezani. Dakika nane ni muda wa kwenda stoo na kurudi. Saa tatu kamili alizijua zilikotoka. Zilitoka mezani kwake.

Jumamosi akaenda gereza la wanawake, akajiandikisha kuwa ni binamu. Veneranda aliletwa nyuma ya wavu.

"Mimi sikujui, dada," Veneranda akasema.

"Naitwa Sikudhani. Mfumo ule mnaoandikia dawa, mimi ndiye ninaoutunza."

"Basi wewe unajua kwamba sikuchelewa."

"Najua."

Veneranda akashika wavu. "Wananiuliza nilikuwa wapi saa tatu hizo. Kila siku wananiuliza. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Juzi usingizini nikajikuta na mimi najiuliza, hivi nilikuwa wapi?" Akauachia wavu. "Wamenifanya niwaze kama niliingia kweli mle mochwari."

"Hukuingia. Kishikwambi chako kimesogezwa saa tatu. Kompyuta ya daktari haikusogezwa."

"Basi si uwaambie?"

"Nikiwaambia, nasema nchi ina saa mbili. Hilo ni kosa. Na kuna karatasi niliyosaini inayosema mashine zote ziko sawa."

Veneranda alimtazama bila hasira, kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye majibu ya vipimo vyake si mazuri.

"Ulisaini wewe?"

"Mimi."

"Una watoto?"

"Wawili."

"Mimi watatu," Veneranda akasema. Askari akaita kwamba muda umekwisha. Kwa saa ipi, hakusema.

*

Jumatatu Sikudhani alikwenda kwa Bwana Tulinje, ambaye alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Unataka kusema mahakamani kwamba cheti ni cha uongo?"

"Ndiyo."

"Cheti hicho kina saini yako. Yangu haimo. Sikuweka kwa makusudi, nilijua nafanya kazi na mtu mwenye dhamiri." Akamwangalia kwa huruma ya kweli. "Bi. Sikudhani, yule muuguzi atapata miaka michache, atatoka. Wewe ukiongea mtafungwa wawili. Kwa hesabu zako za kompyuta, mbili si ni zaidi ya moja?"

Sikudhani akaaga. Alirudi nyumbani, akamwambia mama yake atafute kliniki nyingine.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa mpaka dirishani. Hakimu aliitwa Mheshimiwa Evarist Pandisha, mtu mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kwenye paji la uso. Shahidi wa kwanza wa utetezi alikuwa Bi. Melania, mjane.

"Nilikuwa nimemshika mume wangu mkono," akasema. "Sista alimchoma sindano mbele yangu, akiwa hai."

Mwendesha mashtaka akasimama. "Mama, pole na msiba. Siku hiyo ulivaa saa?"

"Sikuvaa."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Niliiacha nyumbani, tulitoka mbiombio."

"Kwa hiyo hukuwa na chombo chochote cha kupimia wakati."

"Nilikuwa na mume wangu," Bi. Melania akasema. "Alikuwa anapumua."

"Kupumua si kipimo cha wakati kinachotambuliwa na sheria," hakimu akasema kwa upole, akaagiza ushahidi ule uondolewe. Mjane akashuka kizimbani akishikilia kingo za viti.

Ndipo akaitwa Sikudhani. Alikuwa ameomba kompyuta ya daktari na kishikwambi cha wodini viletwe mahakamani, na vilikuwepo mezani. Akaeleza kwa lugha nyepesi, kama mtu anayeeleza mapishi. Saa isiyosema ni ya wapi, akasema, ni namba tu. Ukichukua namba mbili za sehemu mbili ukazitoa, jibu unalopata si muda uliopita. Ni umbali kati ya mashine mbili. Kisha akaweka kidole kimoja kwenye kompyuta na kingine kwenye kishikwambi, akabonyeza vyote kwa pamoja mbele ya watu wote.

Karani akasoma. Kompyuta iliandika saa nne na dakika kumi na mbili. Kishikwambi kiliandika saa saba na dakika kumi na mbili. Watu wakaguna.

"Shahidi," akasema mwendesha mashtaka, "kwa nini ulingoja saa tatu kabla ya kubonyeza cha pili?"

"Sikungoja. Nimebonyeza vyote pamoja. Kila mtu hapa ameona."

Mwendesha mashtaka akamgeukia hakimu. Hakimu akabadilisha miwani.

"Mahakama haioni," akasema Mheshimiwa Pandisha. "Mahakama inasoma. Kwa mujibu wa maandishi, shahidi ameikalisha mahakama hii saa tatu bila sababu. Hata hivyo, mahakama imevumilia."

"Mheshimiwa, mashine mojawapo haikusogezwa. Nchi ina saa mbili."

Hakimu akaweka kalamu chini. Nadhani alimpa nafasi, maana hakuwa mtu mbaya, na mke wake alikuwa amejifungulia katika hospitali ileile.

"Ungependa kurudia ulichosema, au ungependa kuwa hukusikika vizuri?"

Sikudhani akamwangalia Veneranda kizimbani.

"Nchi ina saa mbili," akasema. "Na cheti kinachosema ni moja nilikisaini mimi, nikijua si kweli. Niliogopa. Huyu mama hakuchelewa hata dakika. Mzee alikufa kwa sababu mitungi ya—"

Rungu la hakimu liligonga meza mara saba. Kumbukumbu za kesi zinaonyesha kwamba hapo shahidi alikohoa.

*

Veneranda alihukumiwa miaka mitano. Katika hukumu yake hakimu alisema kwamba ushahidi wa kompyuta hauna huruma wala chuki, ndiyo maana unaaminika.

Sikudhani alipewa miaka miwili ya kifungo cha nje, kwa kuwa magereza yalikuwa yamejaa watu waliochelewa kazini. Alifukuzwa wizarani. Sharti la kifungo chake lilikuwa kuripoti kituo cha polisi kila siku saa mbili asubuhi. Mkuu wa kituo, akihofia kukosea, alimtaka aje saa mbili ya taifa na arudi tena saa mbili ile nyingine, ambayo wote wawili walikubaliana kutoitaja. Katikati alikuwa akikaa kwenye benchi nje ya kituo. Alikuwa akitengenezea askari simu zao.

Saa ya Taifa ilidumu mwaka mmoja na wiki mbili. Mheshimiwa Rais alialikwa kuhutubia mataifa kwa njia ya video. Akavaa suti, akaketi mbele ya kamera kwa wakati, kwa wakati wake, na akahutubia kwa dakika hamsini ukumbi uliokuwa na fundi mmoja anayepanga viti. Fundi yule alipiga makofi. Wakati mataifa yanafika, Mheshimiwa alikuwa amekwisha kulala.

Kesho yake ikatoka sheria mpya. Ibara ya kwanza ilisema kwamba Saa ya Taifa haijawahi kuwepo. Ibara ya pili ilisema hukumu zote zilizotolewa chini yake zinabaki halali.

Bwana Tulinje aliamriwa kurekebisha kumbukumbu za hospitali. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza, kwa hiyo akafanya jambo la wazi: akaagiza zipunguzwe saa tatu. Zote. Za vishikwambi na za kompyuta za madaktari. Ile sindano ikarudi mahali pake, saa tano na dakika kumi na nane. Lakini agizo la daktari nalo likarudi nyuma hadi saa mbili na dakika kumi, na kifo cha Mzee Simbeye hadi saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Siku ile ya gwaride Mzee Simbeye na mkewe walitoka nyumbani saa nne. Kwa hiyo wizara ikamwandikia Bi. Melania barua ya heshima, ikimjulisha kwamba kumbukumbu zilizosahihishwa zinaonyesha mume wake alifariki kabla ya kuondoka nyumbani, na kwamba hospitali haihusiki. Ilimshauri siku nyingine awahi.

Sikudhani aliichukua barua hiyo kwa mjane, pamoja na dokezo lake lenye muhuri mwekundu, akazipeleka mahakamani kuomba kesi ipitiwe upya. Karani alizisoma mara mbili.

"Hapa ni yaleyale, mama. Amekufa saa mbili, amechomwa saa tano. Bado ni maiti."

Akampa risiti ya kupokea.

*

Veneranda alikaa gerezani miaka miwili na miezi minne. Kisha Mheshimiwa Rais, katika siku yake ya kuzaliwa, akasamehe wafungwa mia tatu, na jina la Veneranda likawemo. Lakini msamaha ulikuwa na fomu. *Nakiri kwamba nilimchoma marehemu sindano. Najuta.*

Sikudhani aliruhusiwa kuingia kumshauri, kwa kuwa askari wa gereza alikuwa na simu mbovu.

"Saini, Sista," akasema. "Uende nyumbani."

"Wewe ndiye unaniambia nisaini?"

"Ni mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sina cha kujitetea. Lakini watoto wako wanaye baba tu."

Veneranda alimwomba askari nafasi ya kuandika saa ya kweli pembeni kwa kalamu. Askari akaigeuza fomu huku na huku, akatafuta kwa nia njema kabisa, akasema nafasi hiyo haipo. Veneranda akasaini. Alisaini haraka, kama mtu anayechomoa mwiba, kisha akaifuta kalamu kwenye kanga kabla ya kuirudisha. Uuguzi alikuwa amekwisha kufutiwa. Hakuruhusiwa hata kuuza vidonge vya kichwa.

Walitoka wote wawili getini mchana. Upande wa pili wa barabara, chini ya ukuta wa gereza palipokuwa na kivuli kidogo, alikuwa amekaa mwanamke mtu mzima na kikapu mapajani. Alikuwa Bi. Melania. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia majina yakisomwa redioni.

Veneranda alisita. "Mama, nimesaini," akasema kwa mbali, kabla hata ya salamu. "Nimesaini kwamba alikuwa marehemu. Nisamehe. Nilichoka."

Bi. Melania akavuka barabara, akamshika mikono yote miwili.

"Sikiliza nikwambie kitu hawakuniuliza," akasema. "Ulipomchoma ile sindano, kifua kilifunguka kidogo. Wewe ulikuwa umeshakimbia kutafuta oksijeni. Akapata pumzi kama tatu nzuri. Akaongea. Akaniuliza, 'Melania, mlango wa uani umeufunga?'"

Veneranda alikuwa hajawahi kulisikia hilo.

"Aliongea?"

"Aliongea. Kwa sauti yake mwenyewe ile."

"Na ulikuwa umeufunga?"

"Wapi! Ulikuwa wazi kutwa nzima. Niliporudi kutoka mochwari nilikuta kuku wamejaa mpaka kitandani."

Veneranda akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini pale kando ya barabara mbele ya gereza, na kile kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na Bi. Melania akakaa naye vumbini, akamfunika mabega kwa kanga yake. Sikudhani alibaki amesimama karibu, mikono haijui pa kwenda, mpaka yule mjane alipomvuta sketi naye akae.